Mtoto wa miezi 4 na nusu, boti ya Mkoani na wiki 6 kwa bibi

*"Assalamu alaykum daktari. Naishi Fuoni, Unguja. Mtoto wangu wa tatu ana miezi 4 na nusu, ananyonya tu, hajapewa kitu kingine tangu kuzaliwa. Skuli zikifunga mwezi wa sita tunakwenda Pemba kwa wakwe zangu, upande wa Micheweni, tukae wiki 6. Mume wangu atatufikisha kisha atarudi kazini. Wanangu wakubwa wana miaka 9 na 6. Naiogopa bahari ya kusi. Shangazi ameniambia nimpe mtoto kijiko cha dawa ya mafua ili alale mpaka bandari ya Mkoani, maana mchanga akilevywa na bahari hutapika hadi akakauka. Mama mkwe anasema nikitapika mimi kwenye boti maziwa yatachafuka, nisimnyonyeshe siku hiyo, na kwamba kule mtoto lazima apewe maji. Mama yangu mzazi anataka nighairi mpaka mtoto atimize mwaka. Na malaria si imeshakwisha huku kwetu? Nifuate la nani?"*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Umezungukwa na watu watatu wanaompenda mtoto huyu, na kila mmoja ameshika hofu yake. Nitaanza na jibu unalolingoja zaidi: nendeni. Kama mtoto alizaliwa kwa wakati wake, uzito wake kwenye kadi unapanda na hana ugonjwa wa moyo au wa kifua, hakuna sababu ya kiafya ya kumnyima bibi yake mjukuu. Hata hivyo, uzito wa hofu yenu umeangukia mahali pasipo pake. Nyote mnaangalia saa chache za baharini, wakati mtihani wenyewe ni zile wiki 6 za nchi kavu.

Tuanze na bahari, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo chenye majimaji kinachoujulisha ubongo kila mara mwili unapoinuka, unapoinama au unapozunguka. Macho nayo hupeleka habari zake. Ukikaa ndani ya boti, macho yako yanaona viti na kuta zilizotulia, lakini sikio linasema tunapanda na kushuka. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, roho huchafuka na mtu hutapika. Kwa mtoto mchanga mgongano huo haujakomaa. Hajatembea, hajazoea kutumia macho yake kujua amesimama vipi, na tangu tumboni amezoea kubebwa na kutikiswa. Ndiyo maana watoto walio chini ya miaka 2 ni nadra kulevywa na bahari. Hali hii huanza kuonekana baada ya umri huo na hufikia kilele chake mtoto akiwa na miaka 9 au 10 hivi. Kwa hiyo anayestahili kuandaliwa mfuko wa kutapikia ni mwanao mkubwa. Huyu wa miaka 9 ndiye nitakayemfikiria mimi mkipita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na mdogo wake wa miaka 6 baada yake.

Hao wawili wape chakula chepesi kabla ya kuondoka, mkate au viazi vya kuchemsha, wala wasipande na tumbo tupu au tumbo lililojaa urojo. Wakae katikati ya chombo, chini badala ya juu, karibu na dirisha au penye upepo, wakitazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Simu iwekwe, maana kuinamia kioo kidogo ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuchafukwa. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chukua chombo cha asubuhi. Kusi mara nyingi huzidi kadiri jua linavyopanda, na tena mtafika Mkoani kungali mchana.

Sasa dawa ya shangazi. Hapa nakuomba unisikilize kuliko mahali pengine popote katika jibu hili: usimpe. Dawa nyingi za mafua na mzio zinazomlaza mtoto hufanya kazi hiyo kwa kuupooza ubongo, na ubongo huo huo ndio unaosimamia pumzi. Mtu mzima akipumua kwa uzito usingizini, mwili wake hustuka na kurekebisha. Mtoto mchanga kinga yake ni huko kustuka, na dawa inamwondolea. Promethazini, ambayo wengi wanaitumia kwa safari, hairuhusiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu wapo waliosita kupumua na wakafa. Nusu kijiko si salama, wala kile "kidogo tu" walichopewa watoto wa jirani wakalala salama. Tena watoto wengine dawa hizi huwafanya wakorofi, wakalia njia nzima. Cha kumlaza mtoto wa umri huu unacho kifuani mwako.

Na kifua hicho hakitachafuka kwa wewe kutapika. Maziwa hutengenezwa ndani ya titi kutokana na damu yako, na kilichomo tumboni mwako hakina njia ya kumwagikia humo. Ukitapika, sukutua mdomo, kunywa maji kidogo kidogo, kisha mnyonyeshe kama kawaida. Kumnyima ziwa siku nzima, siku ya safari, ndiko kutakakomkausha, na kile anachokihofia shangazi kitatokea kwa mkono wetu wenyewe. Ukitaka dawa ya kichefuchefu kwa ajili yako, mwambie mfamasia waziwazi kwamba unanyonyesha, na umri wa mtoto umtajie. Zipo zinazopita kwenye maziwa na kumlegeza mtoto.

Chomboni mpakate mbele, kifuani. Usimfunge mgongoni kwa kanga wala kumfunga mwilini mwako chini ya jaketi la kuokolea, kwa kuwa mkilazimika kuingia majini hamtaachana kwa haraka. Mkishakaa tu, muulize baharia jaketi la mtoto mchanga liko wapi na umwone akilitoa. Tangu meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi Septemba 2011, sidhani kama ipo familia ya Unguja au Pemba inayohitaji kuelezwa kwa nini nasema hivi. Chombo kikijaa kupita kiasi, shukeni. Tiketi hununuliwa tena. Na kwa kuwa ndani ya boti viyoyozi hupuliza baridi kali, beba shuka jepesi la kumfunika mwili, uso uwe wazi.

Ndege nayo umeifikiria, bila shaka. Kutoka Unguja hadi uwanja wa Pemba ni kama nusu saa, na kwa mtoto hakuna tatizo. Kuna kinjia chembamba kinachounganisha sikio na koo, ambacho hufunguka mtu anapomeza. Mnyonyeshe ndege inapoanza kushuka, ndipo masikio huuma zaidi. Akiwa na mafua yaliyoziba pua, maumivu huwa makubwa. Lakini nyinyi ni watu watano na mizigo ya wiki 6, na ndege zile ndogo hazipendi mizigo. Kiafya sioni faida inayostahili gharama hiyo. Fedha hiyo ningeitumia kukodi gari nzuri ya kuwapokea Mkoani, kwani kutoka hapo hadi Micheweni mnakivuka kisiwa karibu chote, na mtoto hafai kupandishwa bodaboda wala kupakatwa kiti cha mbele. Mtafute mwenye gari yenye mikanda, na kama kuna ndugu mwenye kiti cha gari cha mtoto, kiazime bila haya.

Mama yako anasema subirini atimize mwaka. Namheshimu, ila hesabu yangu ni tofauti. Mtoto wa miezi 4 na nusu anayenyonya tu ni msafiri mwepesi kuliko atakavyokuwa tena kwa miaka kadhaa: chakula chake kiko tayari, ni safi, kina joto lake, na yeye hatambai. Mkingoja hadi mwaka utimie atakuwa anatambaa sakafuni, anatia kila kitu mdomoni, anakula chungu kimoja na watu wazima na anawalilia wageni. Hapo ndipo matumbo huanza. Ningemuunga mkono mama yako endapo mtoto angekuwa na homa siku ya safari, angekuwa anaharisha au anapumua kwa shida. Katika hali hizo hata safari ya karibu huahirishwa.

Sasa wiki 6 zenyewe. Mama mkwe anasema mtoto lazima apewe maji, na nina hakika analisema kwa huruma: anamwona mtoto kinywa kikavu, anafikiri ana kiu. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu sehemu 88 katika 100. Mtoto akinyonya ameshakunywa, hata siku ya jua kali, sembuse mwezi wa sita na wa saba ambapo kipupwe kimeingia. Tumbo lake ni dogo, na maji yakilijaza atanyonya kidogo. Figo zake bado changa, na maji mengi yanaweza kuzimua chumvi ya damu hadi akapata degedege. Na hata maji kidogo, yakiwa ya kisima kisichochemshwa, ni mlango wa kuhara. Ukitaka kipimo cha kumtuliza bibi, mwoneshe nepi. Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa usiku na mchana, mkojo ukiwa mweupe, hana kiu.

Lakini kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kila likizo zikimalizika, watoto wanaporudi kliniki na mstari wa uzito uliolala. Kwenu Fuoni wewe ni mama mwenye nyumba. Kule utakuwa mkaza mwana. Utaamka alfajiri ujitahidi usionekane mvivu, utakuna nazi, utafua, utapokea wageni waliokuja kumwona mtoto, na mtoto mwenyewe atapita mapaja kumi kabla ya adhuhuri. Akilia, shangazi mmoja atamtembeza, mwingine atamnyonyesha kidole, wa tatu atamtafutia maji ya sukari ili "mama yake amalize kazi". Kila mmoja amesaidia, na mtoto amekosa ziwa mara 3 au 4. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyotolewa. Likibaki limejaa, mwili hupunguza kutengeneza. Baada ya wiki moja ya namna hii maziwa hupungua kweli, na watu husema: "tulisema hana maziwa, mpeni uji." Kosa halikuwa la maziwa.

Hili halitibiwi kwa ugomvi na mama mkwe. Litibiwe na mume wako, kabla hajarudi Unguja. Aseme yeye, mbele ya mama yake, kwa adabu na kwa uwazi: daktari amesema mtoto anyonye kila anapotaka, mchana na usiku, asipewe kitu kingine mpaka atimize miezi 6, na akitafuta ziwa aletwe kwa mama yake hata kama mama yuko jikoni. Neno la mtoto wa kiume kwa mama yake lina uzito ambao lako, mgeni wa nyumba, halina. Wewe nawe mpe mama mkwe kazi kubwa ya kumlea: kumwogesha, kumcheua, kumwimbia, kumpeleka kivulini. Bibi aliyepewa nafasi yake hatafuti kijiko.

Asali hapana kabisa mpaka mwaka utimie, hata ya kupaka ulimini. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mchanga haliwezi kuzizuia, sumu yake ikamlegeza misuli hadi ya kupumulia. Uzi wa kinga usifungwe shingoni, unaweza kumnyonga usingizini. Atakayetaka kumfukiza udi au ubani chumbani, afukize mtoto akiwa nje. Na mwenye kikohozi au mafua ambusu mtoto mguu, si uso.

Karibu na mwisho wa likizo atakuwa anatimiza miezi 6, na hapo chakula kinaanza kweli. Usiharakishe hata kwa wiki 2 ili bibi ajionee. Siku zikifika, anzeni na uji mzito wa kusimama kwenye kijiko, ndizi au viazi vilivyopondwa, samaki aliyetolewa miba akasagwa, na maziwa yako yaendelee. Kuanzia hapo maji ya kunywa yawe yamechemshwa na kupoa. Ziwahi pia matone ya vitamini A ya miezi 6 katika kituo chochote cha afya. Kabla ya safari hakikisha chanjo za wiki ya 14 zimekamilika kwenye kadi. Kama kuna moja imeruka, ipate wiki hii.

Malaria haijakwisha. Imepungua sana, kiasi kwamba kwa miaka mingi vipimo vya jamii Zanzibar vimeonesha chini ya mtu 1 katika 100, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kupungua huko kuna upande wake: mama aliyekulia hapa bila malaria hana kinga kubwa ya kumrithisha mwanawe. Wagonjwa huongezeka baada ya masika, yaani miezi hii hii mnayosafiri, na watu huingia kutoka bara kila siku. Chukueni chandarua chenu chenye dawa, kikubwa cha kukutosheni wewe na mtoto, na kichomekwe chini ya godoro kabla ya magharibi. Mlaze chali, mbali na mito ya sufi inayobonyea, na usimrundikie mablanketi kwa sababu ya kipupwe. Homa yoyote apimwe malaria siku hiyo hiyo, asipewe dawa ya kubahatisha.

Kichocho ndicho ninachotaka wakubwa wako wakijue, na nashangaa kila mara kwamba familia zinazokwenda Pemba hazikiulizi. Kisiwa kile kimepambana nacho kwa muda mrefu. Mwenye ugonjwa akikojoa karibu na bwawa au kijito, mayai huangua, vimelea huingia kwa konokono wadogo wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kucheza humo. Havihitaji kidonda wala kunywa maji. Mtoto wa miaka 9 ataona wenzake wanaruka bwawani na atataka. Mkataze, mpeleke baharini, maana maji ya chumvi hayana kichocho. Mchanga naye asiogeshwe kwa maji ya kijito yaliyotekwa asubuhi hiyo. Tumieni ya bomba au ya kisima kilichofunikwa, au yaliyochemshwa, au yaliyokaa ndani ya pipa lenye kifuniko siku 2 nzima. Mkubwa akikojoa mkojo wenye damu, hata miezi baada ya kurudi, apelekwe kupimwa. Dawa ipo.

Katika mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, weka kadi ya kliniki, kipimajoto, pakiti kadhaa za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Mtoto akiharisha mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe ORS kwa kijiko kidogo kidogo, iliyokorogwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na zinki miligramu 10 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Akishatimiza miezi 6 kipimo cha zinki ni miligramu 20. Hiyo ndiyo mara pekee kabla ya miezi 6 ambapo maji yana haki ya kuingia kinywani mwake.

Usisubiri asubuhi wala mashauri ya wazee ukiona lolote katika haya: anakataa kabisa kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Zikifika 50 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa, ni hospitali. Vivyo hivyo utosi ukididimia, macho yakiingia ndani, asipokojoa kwa saa 6 au choo kikawa na damu. Mlipo, ya karibu ni hospitali ya Micheweni, kisha Wete. Chake Chake ina hospitali yake, na Mkoani mtapita karibu na hospitali ya Abdalla Mzee siku ya kushuka. Siku ya pili tu baada ya kufika, mpeleke mtoto kituo cha afya cha karibu apimwe uzito na uandikwe kwenye kadi. Utaijua njia, watakujua sura, na baada ya wiki 3 utampima tena uone kama mstari unapanda.

Na mume wako kabla hajapanda boti ya kurudi, akubaliane na mtu mmoja mwenye gari hapo kijijini: nambari yake iwe kwenye simu yako na kwenye simu ya mama mkwe, ajue nyumba ilipo, na fedha ya safari moja ya usiku hadi hospitali iachwe mkononi mwako wewe.